Chumvi ya Jirani

Nafula mwanangu,

Sina haja ya kuanza kwa kutumai kwamba u mzima, kwa sababu nimekuona sasa hivi ukitoka na gauni lako la maua kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na uzima wako unaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Mimi nimebaki na jiko, sanduku lako lililofungwa kamba, na daftari hili ulilosema hulihitaji tena. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango kwa komeo na kutomwamini kila anayekuchekea, nimeshakuambia mpaka ukaniambia, "Mathe, imetosha." Basi imetosha. Hayo nayaacha.

Lililobaki ni gumu kwa mama kulisema bila kununa, kwa hiyo naliandika. Ninaona wivu. Kesho gari la Jirani litakuja kukuchukua, utakaa nyumba za nyuma kwake kule kwenye miti mingi, utapiga taipu ofisini kwake, na mke wake atawaambia wageni kwamba wewe ni binti yao. Nimelifikiria neno hilo "yao" tangu Jumapili na bado linanikaa kooni. Tena wivu wenyewe si wa aina moja. Namwonea wivu yeye kwa ajili yako, na wewe nakuonea wivu kwa ajili yake. Ukimaliza kusoma labda utaelewa. Usipoelewa, angalau utajua kwa nini wiki nzima nimekuwa nikigonga masufuria.

Wewe umemjua Jirani akiwa mheshimiwa. Mimi nimemjua akiwa karani wa kiwanda cha mikate kule Industrial Area, kijana mwembamba aliyekaa mlango wa pili kutoka kwetu hapa Shauri Moyo, mwenye suruali moja nzuri aliyokuwa akiilaza chini ya godoro ili ipate mikunjo. Alikuwa na jina lake la ubatizo na la ukoo kama kila mtu. Leo ukiuliza mtaa mzima jina hilo, hakuna atakayekwambia upesi. Wote watakwambia, Jirani.

Siku hizo, enzi za Mzee, rais wa kwanza, waheshimiwa hawakuhangaika kufanana na sisi. Walikuja na suti na hundi za harambee, wakatuhutubia nusu kwa Kiingereza, nasi tukawapigia makofi zaidi pale tusipoelewa. Kulikuwa na wengine waliosema waziwazi juu ya watu wasio na kitu, na hao tuliwapenda kwa sauti ya chini, kwa sababu wengine wao hatukuwaona tena. Baba yako alikuwa akizima redio jina la mmoja wao likitajwa, na mimi nilikuwa nikimwambia aiache. Nilikuwa na mdomo, Nafula. Pale kwenye mfereji wanawake walikuwa wakinisubiri niteke maji ndipo siku yao ianze kuchangamka.

Sasa siku moja wakati wa kampeni alikuja tajiri mmoja wa maduka, akasimama uwanjani juu ya pikapu, akasema yeye ni mmoja wetu. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Sijui nini kilinisukuma, lakini niliinua mkono kama mtoto wa shule, na aliponiruhusu nikamwuliza, "Mheshimiwa, chumvi ikiniishia mboga ikiwa jikoni, nikugongee mlango gani?"

Watu walicheka mpaka yule bwana akajifuta jasho. Walicheka wakirudi nyumbani, wakacheka na kesho yake. Hapa kwetu mtu hakopi chumvi kwa asiyemjua, na hakuna anayemjua mtu asiyeweza kumgongea apewe chumvi. Nilikuwa nimesema jambo la kila siku tu, lakini lilimkalia yule tajiri kifuani na kura hakupata.

Jioni ile karani wa mikate alikuja kwetu. Hakuja kuomba chumvi, alikuja kuomba maneno. Aliniambia nirudie vile nilivyosema, nikarudia. Akaniuliza kama nilisema "mboga ikiwa jikoni" au "mboga ikichemka". Alikuwa akisogeza midomo polepole kama mtu anayejifunza wimbo. Nilimpikia chai. Niliona fahari, wacha nikwambie ukweli, kwa sababu baba yako alikuwa mtu mwema lakini hakuwahi kuniuliza nirudie jambo nililosema.

Uchaguzi uliofuata, yule kijana alisimama uwanja ule ule, amevaa shati la kazini lenye unga, akauliza, "Chumvi ikiisha mboga ikiwa jikoni, utagonga kwa nani?" Akajionyesha kidole kifuani. "Kwa jirani!" watu wakaitika. Wimbo ukatungwa kabla jua halijatua. Niliimba na mimi. Nilikuwa nikisubiri aseme, kama alivyosema Mama Nafula. Alichosema ni, "kama tunavyosema sisi watu wa Shauri Moyo." Nilirudi nyumbani na lile neno "sisi" na sikujua niliweke wapi. Ningelalamika kwa nani? Mimi pia ni mtu wa Shauri Moyo.

Akashinda. Na sitaki umdhanie vibaya kuliko anavyostahili, kwa sababu alituletea mfereji wa pili, na alijua majina ya watoto wetu, na akiingia nyumba ya mtu alikaa kwenye kitanda kama hakuna kiti. Hayo hakuyaigiza. Lakini kilichonishangaza ni jinsi jambo lile lilivyoenea. Jina la Jirani lilipoanza kutajwa redioni, mbunge wa huko bara akajiita Jembe, mwingine akajiita Kibuyu na kunywa uji mbele ya mkutano. Waziri mmoja ambaye sote tulijua ana magari, akaanza kuvaa kofia iliyochakaa siku za harambee. Rais mpya alipoingia, watoto wakapata maziwa ya shule, na wewe ulikuja nyumbani na masharubu meupe ukikataa kunawa. Nchi nzima wakubwa walikuwa wakishindana nani alizaliwa maskini zaidi. Mimi niliyezaliwa maskini kwelikweli nikawa nasikiliza redio na kupika, nikiona wivu hata kwa umaskini wangu.

Unajua kilichonikata maini hasa? Mazishi ya baba yako. Ulikuwa mdogo lakini najua unayakumbuka, kwa sababu Jirani alikubeba mabegani ili uone jeneza, na tangu siku hiyo ukawa wake. Alipewa nafasi ya kusema maneno machache. Alisema mengi. Alisema juu ya kiwanda, mishahara, bei ya unga, na wenye matumbo makubwa, na watu wakaanza kupiga makofi kaburini. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia baba yako, maneno yangu na yake, na nilipopewa nafasi watu walikuwa wameshaanza kumfuata mheshimiwa kwenye gari. Nilisema asanteni nikakaa. Ulipolala usiku huo ulikuwa ukimtaja yeye.

Baadaye alihama. Alisema ni kwa ajili ya usalama, na labda ilikuwa hivyo. Nilikaa muda mrefu nikijizuia, mpaka siku moja nikafanya ujinga ambao mtu wa mtaa mwingine asingeufanya. Nilichukua kikombe cha bati, nikavaa leso safi, nikapanda basi mbili na kutembea ile barabara yenye miti utakayoijua kesho, nikagonga lango lake. Nilitaka kumwomba chumvi. Nilikuwa nimejipangia nitakavyocheka akitoka, na atakavyokumbuka, na atakavyosema mbele ya mke wake, huyu ndiye mwenye maneno yale.

Mlinzi alitazama kikombe changu, hakushangaa. Alisema, "Mama, kikombe si lazima, siku hizi imefungwa." Aliingia kwenye kibanda chake akatoka na pakiti ndogo ya chumvi iliyobandikwa picha ya Jirani akitabasamu. Kulikuwa na katoni nzima humo ndani. Aliniambia watu huja kila wiki na vikombe, wengine kwa mzaha, wengine kwa shida kweli, na bosi akaona ni vizuri wasirudi mikono mitupu. Aliongea kwa heshima, maskini, hata akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nilichukua ile chumvi. Nilipika nayo, na uliila, na ukasema mboga ni tamu.

Hapo ndipo ningekoma kama ningekuwa na akili. Lakini mwenye wivu hakomi, husubiri. Ikaja ile Agosti wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, tukalala chini ya kitanda mimi na wewe, na baada ya hapo maneno kwenye mfereji yakapungua. Watu walianza kutazama nyuma kabla ya kucheka. Jirani naye alibadilika polepole. Zamani alikuwa akisema sisi. Kisha nikamsikia akisema nyinyi. Nyinyi mnajua nimewafanyia nini. Nyinyi msidanganywe. Ukifika huko msikilize akisema, utalisikia mwenyewe. Na aliyemkosoa hakuwa tena mtu mwenye maoni yake, alikuwa adui wa wananchi, maana wananchi ni yeye.

Sasa nifike mwaka huu. Uliposhika taipu kule chuoni Makadara na Jirani akakulipia, nilisema asante, na nilimaanisha. Ulipoanza kwenda kumsaidia kwenye ofisi ya kampeni ulikuwa ukirudi na macho yanayong'aa, ukiniuliza habari za sisi wamama, "Mathe, leo kwa mfereji masa wamesema nini?" Uliniuliza nirudie. Ulisogeza midomo. Kidogo nikumwagie chai, kwa jinsi ulivyofanana naye. Lakini nilifurahi pia, kwa sababu sasa alikuwa binti yangu mwenyewe anayetaka maneno yangu, na nikawa nakupa, hata mengine nikiyatunga njiani ili usije ukakosa.

Kisha ukaja uchaguzi wa mlolongo, wa kupiga kura kwa kusimama foleni. Ulikuwepo. Ulisimama nyuma ya picha ya Jirani, na mimi nikasimama nyuma ya picha ya yule mwalimu mstaafu asiyejua kuhutubia. Ingekuwa kura ya siri nisingejua wewe uko wapi na wewe usingejua mimi niko wapi, lakini walitupanga mchana kweupe, na nikaona mgongo wako. Mstari wetu ulipinda uwanja mzima mpaka karibu na soko la Gikomba. Wenu uliishia kwenye goli. Karani alihesabu, akaandika, akatangaza, na mlioshinda ni nyinyi mliokuwa wachache. Ulinitazama kutoka kule. Wewe ndiye uliyegeuza uso kwanza, na hatujawahi kulizungumza.

Kesho yake kwenye mfereji hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ndipo Mama Wambui, yule wa viazi vya kukaanga, akaweka debe lake chini akasema, "Zamani foleni ikiwa ndefu tulikosa maji. Siku hizi foleni ikiwa ndefu tunakosa mbunge."

Nafula, ilikuwa nzuri. Nilijua pale pale kwamba ilikuwa nzuri kuliko ya chumvi. Wanawake waliinama wakicheka bila sauti, wakishika matumbo, na mimi nilicheka nikihisi mtu ameniondoa kwenye kiti changu. Nilirudi nyumbani nikiigeuzageuza mdomoni. Ulipokuja jioni ukaniuliza, masa wamesema nini, ningeweza kukuambia kama yangu. Ningeweza kukuambia, watu wanasema. Ndivyo maneno yanavyotembea siku zote, hayana mwenyewe, na hilo ndilo huwakinga walioyasema. Lakini mimi nilikuwa na kidonda cha miaka yote ile. Nilijiapia kwamba sitamfanyia mwanamke mwingine nilichofanyiwa mimi. Kwa hiyo nilikuambia, hii ni ya Mama Wambui wa viazi, usisahau kusema ni yake. Nilikusisitizia. Nilijiona mtu wa haki.

Na wewe hukusahau. Ulisema ofisini, ukicheka, ukidhani atacheka, na uliniambia kwamba alicheka kweli. Nadhani alicheka. Alikuwa anapenda maneno mazuri. Lakini chumba kilikuwa na watu wengine, wale vijana wa chama wenye mashati mekundu wanaokaa ukutani na rungu zao, na wao hawapendi maneno, wanapenda majina.

Ulipopata habari kwamba kibanda cha Mama Wambui kimepinduliwa, ulisema ni msako wa wachuuzi kama kawaida. Nilikupakulia chakula tu. Nilikuwepo, Nafula. Walikuwa wale wale wa mashati mekundu. Walimwaga mafuta ya moto barabarani, na mmoja akamwambia ajipange foleni ya kuokota viazi. Alitumia neno foleni. Hapo ndipo nilipojua ni wapi maneno yale yametoka. Mama Wambui naye alijua, kwa sababu aliyasema mbele ya wanawake wachache, na katikati yao ni mmoja tu ambaye binti yake hupiga taipu kwa Jirani.

Nilikwenda kumwona kabla hajahamia kwa dada yake, mtaa wa Lucky Summer. Alikuwa akifunga vyombo, mkono mmoja una malengelenge. Nilitaka kumweleza kwamba nilimtaja kwa heshima, kwamba nilitaka apate sifa yake. Unaweza kufikiria jinsi maelezo hayo yalivyosikika chumbani mle. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila hasira, "Mama Nafula, sikuwa nataka sifa. Nilikuwa nataka tucheke." Akaendelea kufunga.

Tangu hapo nikifika mfereji wanawake hunisalimu vizuri, wananiuliza habari za mguu wangu unaouma, habari zako, habari za kanisa. Hakuna anayesema lolote. Nateka maji yangu kwa utulivu kama niko hospitalini. Hicho ndicho nilichobaki nacho baada ya kuwa na mdomo maisha yangu yote, na bado usiku mwingine nalala nikimwonea wivu Mama Wambui kwa ile foleni. Hivyo ndivyo nilivyo. Bora ulijue kutoka kwangu.

Sikukatazi kwenda. Ningekuwa na umri wako, na taipu, na mtu mkubwa akaniambia njoo, ningekwenda mbio, na pengine ningeishia kugawa pakiti langoni nikidhani nafanya wema. Ningekuwa mwanamume siku ile, ningepanda ile pikapu mimi mwenyewe, na leo labda ni mimi ningekuwa nasema nyinyi. Ndiyo maana nasema nakuonea wivu na wewe. Utakaa pale maneno yanapotokea, na utaona jinsi yanavyovishwa nguo na kutolewa nje. Nisingependa uniletee habari za nyumba yao, mazulia na vikombe vyao. Niletee habari za jinsi inavyofanyika.

Lakini najua kitu kimoja atakachofanya, kwa sababu alikifanya kwangu. Atakuuliza. Labda kesho hiyo hiyo, ndani ya gari, kabla hamjavuka Jogoo Road: "Binti, watu wetu wanasemaje?" Atakuuliza kwa upendo, na utatamani kumjibu, maana hakuna raha kama kusikilizwa na mtu ambaye wote wanamsikiliza yeye. Usimpe mtu wa mtaani. Usimpe fundi viatu, usimpe wanakwaya wako ambao sasa hivi wanakwambia mambo kwa sababu wanakupenda. Wala usimwambie "watu wanasema", kwa sababu siku hizi yeye hutaka kujua ni watu gani, na wale wa ukutani watakwenda kuwatafuta.

Mpe mimi. Mwambie mama amesema mstari wako ulikuwa mfupi. Mwambie alikuwa amesimama kwenye ule mrefu, na alihesabu kwa macho yake. Najua hilo linaweza kukufukuzisha kazi kabla hujakaa, na ukiona huliwezi, nyamaza tu, sitakuuliza. Najua linaweza kuwaleta vijana mlangoni kwangu. Waje. Mimi siuzi chochote, hawatapata cha kumwaga. Nusu ya jambo hili ni kuwakinga wengine na nusu ni wivu wa miaka yote hii, na nimejaribu jioni nzima kuzitenganisha nimeshindwa.

Akikuuliza mama yupi, kana kwamba hajui, usimwambie Mama Nafula. Hilo ni jina lako wewe, kila mtu huniita nalo na yeye hulikumbuka kwa sababu yako. Mpe langu, lote, polepole, kama mtu anayemfundisha mwingine wimbo, na umngoje mpaka alirudie.

Ni mimi,
Rodah Nasimiyu Wekesa